Al-Biruni alipima kweli ukubwa wa dunia, au ni stori za WhatsApp?

kijana_wa_kihonda aliuliza:

Wakuu, salamu. Jana kijiweni kwa kinyozi kidogo tushikane mashati. Kuna picha inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mzee mwenye kilemba na ndevu, chini yake wameandika kwamba Al-Biruni, miaka elfu moja iliyopita, alipanda kilima kimoja tu akapima dunia nzima, na jibu lake lilikuwa sahihi kwa asilimia 99.7.

Mimi nafundisha tuisheni ya hesabu, kidato cha tatu na cha nne, nikasema inawezekana, ni trigonometria tu. Jamaa mmoja akacheka mpaka akamwagikiwa na chai. "Hana setilaiti, hana ndege, yuko juu ya kilima, dunia ataipimaje?" Nikachukua chaki nichore ukutani, nikakwama. Pembetatu naiona kichwani, ila pembe yenyewe anaipata wapi, sikujua. Nikarudi nyumbani mdogo.

Mwenye kuelewa anisaidie. Huyu mtu alikuwa nani hasa, alipimaje, na hiyo 99.7 imetoka wapi? Tafadhali msinitupie linki. Nimesoma tatu, kila moja ina namba yake.

Mbishi Halisi:

Mkuu, hizi ni zile zile za wazee wa kale kugundua kila kitu. Kesho utaambiwa aligundua na Marekani. Mimi nakaa hapa na karanga zangu nasubiri ushahidi.

Baharia Mstaafu:

Mwanangu wa Kihonda, mimi si mwanachuoni. Ni mtu wa Kibokoni, Mombasa, niliyekula chumvi ya bahari miaka 31 na kustaafu nikiwa afisa wa pili kwenye meli za mizigo. Lakini hiyo pembe uliyoikosa pale ukutani nimeishi nayo. Kila aliyewahi kushika sekstanti, kile chombo cha kupimia pembe ya jua na nyota baharini, aijua.

Simama ufuoni, maji yakufike vifundoni. Ule mstari ambapo bahari yakutana na mbingu waonekana karibu sawa na jicho lako. Sasa panda juu ya meli. Kadiri unavyopanda, upeo wa macho waenda mbali, na tena washuka. Ukitazama sawasawa kabisa, kama fundi aliyeweka pima maji, utakuwa unatazama hewani, juu ya upeo. Ili uuone yakubidi uinamishe jicho kidogo. Kule kuinamisha ndiko pembe yako.

Meli niliyoanzia kazi, chumba cha usukani kilikuwa mita 16 hivi juu ya maji. Jedwali letu lasema hapo utoe dakika 7 kwenye pembe ya jua uliyoipima. Hizi ni dakika za pembe, nyuzi moja ina 60. Januari moja, kaskazi imetulia, twashuka kutoka Bombay, nikapima jua la adhuhuri nikasahau kutoa zile 7. Nikaiweka meli maili 7 za baharini kusini mwa ilipokuwa. Kapteni akaitazama chati, akanitazama mimi, akaniuliza kama nina haraka ya kufika kwetu. Sijasahau kuzitoa tena mpaka nastaafu.

Basi sisi mabaharia twajua ukubwa wa dunia, twajua kimo cha meli, jedwali latupa pembe. Al-Biruni aligeuza. Alikuwa na kimo, akapima pembe, akatoa ukubwa wa dunia.

Kilima chenyewe kipo mpaka leo. Ni Nandana, penye ngome, kwenye Milima ya Chumvi huko Punjab, upande wa Pakistani. Chini yake pana tambarare pana iliyonyooka, akaitumia kama bahari. Kwanza alitafuta kimo cha kilima bila kukipanda na kamba: unapima pembe ya kilele ukiwa sehemu moja, wasogea umbali unaoujua, wapima tena. Hilo vijana wako wa kidato cha nne walifanya kila mwaka kwenye mtihani, na mlingoti wa bendera badala ya kilima. Alipata dhiraa 652 na kitu kidogo, dhiraa ni ule urefu wa kiwiko hadi ncha ya kidole. Kisha akapanda, akaushika upeo wa tambarare, akasoma mshuko wa dakika 34.

Chora duara. Kitovu hadi uso wa dunia ni R. Kitovu hadi kileleni ni R na kimo cha kilima, h. Kutoka kileleni vuta mstari uliogusa duara kwa mbali. Pale ndipo upeo. Pembe iliyo kitovuni ni ile ile ya mshuko. Kwa hiyo R ni h mara kosaini ya pembe, ugawe kwa moja kutoa kosaini ya pembe. Mstari mmoja tu. Mwonyeshe yule jamaa wa chai.

Ya 99.7 nitarudi baada ya swala, maana hilo lanikera.

Bi Mkunazini:

Asante Mzee, shikamoo. Nami niongeze wakati tunamsubiri.

Jina lake Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad. Kazaliwa mwaka 973 nje kidogo ya mji wa Kath, Khwarazm, na ndiyo maana ya "birun" kwa Kiajemi, nje. Mji ulioko sehemu hiyo leo, ndani ya Uzbekistani, umeitwa Beruniy kwa ajili yake. Mwalimu wake alikuwa Abu Nasr Mansur bin Iraq, mtoto wa ukoo wa wafalme aliyekuwa mwanahesabu hasa. Ukoo huo ulipopinduliwa mwaka 995 kijana wa watu akakimbia, akaishi Rayy, Iran ya leo, kwa dhiki. Baadaye akapata hifadhi Gurgan kwa mfalme Qabus, na hapo karibu mwaka 1000 akaandika kitabu chake cha kalenda za mataifa: Waajemi, Wayahudi, Wakristo, Waarabu wa kabla ya Uislamu, kila watu wanavyohesabu miaka na sikukuu zao.

Mimi nilimjulia darsani, tena kwenye mirathi, wala si kwenye falaki. Inasimuliwa kuwa alipokuwa anakata roho, faqihi mmoja, mwanachuoni wa sheria, alikwenda kumuangalia. Mgonjwa pumzi zimemkaa kifuani, anamuuliza: ulinambia vipi siku ile hesabu ya fungu la mabibi wa upande wa mama? Yule faqihi akamuonea huruma: katika hali hii? Akajibu, je, si bora niiage dunia nikiwa nalijua jambo hili kuliko niondoke bila kulijua? Akamrejelea masala yote, naye akayashika. Faqihi hajafika mbali njiani, akasikia kilio cha msiba nyuma yake.

Mwalimu wetu alikuwa akituhadithia kila tunapolalamika kuwa mafungu ya mirathi ni magumu. Haikusaidia, yalibaki magumu.

Mbishi Halisi:

Stori nzuri dada. Ila swali langu bado. Mtu wa Uzbekistani kafikaje Punjab kupanda kilima? Na mfadhili ni nani?

Baharia Mstaafu:

Marahaba Bi Mkunazini, na umemjibia nusu.

Mbishi, "mfadhili" ni neno la heshima mno. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm akachukua wanachuoni kama watu wanavyochukua farasi. Al-Biruni akaenda naye Ghazna, Afghanistani ya leo, na huko ndiko alikomalizia maisha, katikati ya karne ya 11. Mahmud alikuwa akiishambulia India mara kwa mara, na mwanachuoni wake akawa aingia nyuma ya jeshi. Lakini wenzake walipotafuta dhahabu, yeye alitafuta wa kumfundisha Kisanskriti. Kitabu chake juu ya India kilikamilika mwaka 1030, na ndani yake asema bila kificho kwamba vita vya bwana wake vimeiharibu ile nchi na kuwatawanya watu wake kama vumbi. Mahmud alikuwa ndiyo kwanza amekufa mwaka ule ule. Wakati mzuri wa kusema ukweli.

Kuna jingine humo lililonifanya nimpende. Aeleza kwa nini hekalu la Somnath, pwani ya Gujarat, lilikuwa mashuhuri, na moja ya sababu ni kuwa palikuwa bandari ya wasafiri wa bahari, kituo cha waendao na kurudi kati ya Sofala ya nchi ya Zanj na China. Sofala ndiyo pwani yetu hii hii, huko chini Msumbiji. Wakati ule watu wetu washafahamika kwenye daftari za Ghazna, kule milimani kusiko na hata harufu ya maji chumvi! Tena aeleza maji kujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na yanavyozidi kwa mwandamo na mwezi mpevu. Yaani bamvua. Babangu alitega madema maisha yake yote kwa hesabu hiyo, hakuwahi kuisoma popote. Nimepita pwani ile ya Veraval zaidi ya mara kumi nikielekea Kandla, na kila mara nikilikumbuka lile neno Zanj.

Sasa asilimia 99.7.

Al-Biruni aliandika jibu kwa dhiraa. Nusu kipenyo cha dunia, kwake, ni dhiraa milioni 12.8 na ushei. Kwa hesabu hiyo nyuzi moja juu ya uso wa dunia ni maili 56 na kitu kidogo, maili za Waarabu za dhiraa 4,000. Sasa dhiraa yake ilikuwa urefu gani kwa sentimita? Hapo kila mtu wa intaneti achagua dhiraa impendezayo. Ukichagua iliyo karibu na sentimita 49.5, wapata kilomita 6,340 hivi, walinganisha na 6,371 zetu, wapiga makofi. Ukichukua dhiraa nyingine, makofi yapungua. Ndiyo maana linki tatu zina namba tatu.

kijana_wa_kihonda:

Shikamoo Mzee. Nimekaa na kalkuleta usiku huu na kuna kitu hakikai sawa. Nimeweka h = 652 na pembe dakika 34 kwenye fomula yako. Sipati milioni 12.8. Napata milioni 13.3. Nimerudia mara nne. Je, nimekosea au yeye kakosea? Kama kakosea yeye, Mbishi atanimaliza.

Mbishi Halisi:

Nimeshaamka mkuu, naona.

Baharia Mstaafu:

Marahaba mwanangu. Hukukosea. Umefanya kitu ambacho waliotengeneza ile picha hawakufanya: umehesabu.

Kosaini ya dakika 34 yakaribia moja mno, ni 0.99995 na kitu. Ukiitoa kwenye moja wabaki na kitu kama vumbi, nawe wagawa kwa vumbi hilo. Kalkuleta yako ina tarakimu kumi. Yeye alikuwa na jedwali la saini lililoandikwa kwa mkono, kwa mafungu ya sitini. Tarakimu ya mwisho ya jedwali ikipinda kidogo, jibu lahama kwa dhiraa laki tano. Ndicho kilichotokea.

Na hilo si kubwa. Jaribu uweke dakika 33 badala ya 34.

kijana_wa_kihonda:

Duh. Milioni 14.1. Asilimia 6 na zaidi kwa dakika moja tu!

Baharia Mstaafu:

Ndiyo hivyo. Karibu kilomita 400 za nusu kipenyo, kwa kukosea sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja. Na hewa nayo ina ujanja wake. Baharini nimeona upeo wa macho ukinyanyuka kama umechemka, meli ya mbali ikaonekana imeelea juu ya maji. Hewa huupinda mwanga, na yale majedwali yetu ya mshuko yashaiingiza hesabu hiyo. Kwa kimo kama cha Nandana hewa ya kawaida hukunyang'anya dakika mbili au tatu hivi. Kwa hiyo mtu akinambia njia hii humpa mtu asilimia 99.7, namwambia hajawahi kuushika upeo kwa chombo chochote.

Lakini sasa sikiliza, na Mbishi asikilize pia. Al-Biruni mwenyewe hakudai hivyo. Yeye alikuwa na jambo lililomsumbua: miaka 200 kabla yake, Khalifa al-Ma'mun wa Baghdad alituma watu jangwani Sinjar, wakapima kwa kutembea kaskazini na kusini na kamba mpaka nyota zibadilike nyuzi moja. Habari zao zikamfikia kwa namba mbili, 56 na 56 na theluthi mbili. Akataka kuhakiki mwenyewe. Kwanza alijaribu kwa njia yao, tambarare za Dihistan kaskazini mwa Gurgan, akaiacha kwa kukosa wa kumsaidia. Kilima cha Nandana kilikuwa njia ya mtu mmoja asiye na kikosi. Alipopata 56 na kitu, akaandika kuwa imekaribia ya wale wa kale, na kwamba ya kutegemewa ni yao, kwa sababu vyombo vyao vilikuwa bora na walihangaika zaidi.

Sisi tunampigia ngoma kwa jibu ambalo yeye mwenyewe aliliweka nyuma ya la wengine.

Bi Mkunazini:

Mzee, kitabu alimoandika upimaji huu si kile alichokiandika kwa ajili ya kibla?

Baharia Mstaafu:

Ndicho hicho, Tahdid, alikimaliza mwaka 1025. Nakala ya mkono imebaki moja tu, iko Istanbul. Shabaha yake yote ni swali moja: watu wa Ghazna waelekee wapi wakiswali?

Kwetu swali hilo halina jasho. Mombasa na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, tofauti haifiki hata robo ya nyuzi. Kibla chetu ni kaskazini, mpaka wazee wetu upande wa kaskazini wakauita kibla hivyo hivyo, hata mtu akizungumzia upepo au shamba. Toka hapa uende Ghazna uone. Makka iko magharibi ikielemea kusini, kwa nyuzi ngapi, huwezi kujua mpaka ujue longitudo ya miji miwili, na longitudo wakati huo ilikuwa shida ya walimwengu. Kwenye meli mabaharia wenzangu walikuwa wakinijia kabla ya alasiri, "afisa, kibla wapi?" nami nafanya hesabu ya dakika mbili. Yeye ilimchukua kitabu kizima: umbali wa misafara kati ya mji na mji, latitudo za kila mji, na kupatwa kwa mwezi.

Hilo la mwezi ni zuri. Tarehe 24 Mei 997 mwezi ulipatwa. Yeye alikuwa Kath, Abu al-Wafa al-Buzjani yuko Baghdad, na walikuwa wamekubaliana kabla. Kila mmoja akaandika saa ya kwake. Mwezi wapatwa kwa wote kwa mpigo mmoja, basi tofauti ya saa ni tofauti ya longitudo. Barua zikasafiri kwa ngamia kuja kulinganisha. Alikuwa na miaka 23.

Na pale karibu na Kabul, Oktoba 1018, alitaka kupima kimo cha jua, hana chombo hata kimoja. Akageuza ubao wa kuhesabia, akachora nyuma yake tao lenye nyuzi, akaning'iniza timazi, akapima. Timazi ile ile ya waashi. Ukiniuliza mimi, mwanangu, hii ndiyo picha ningeituma kwenye magrupu.

Mbishi Halisi:

Sawa, nimelegea kidogo. Ila kuna wanaosema alijua dunia inazunguka jua kabla ya Wazungu. Hilo nalo?

Baharia Mstaafu:

Hapana. Alilijadili suala la dunia kujizungusha yenyewe. Alimjua al-Sijzi aliyetengeneza asturlabu, chombo cha kupimia nyota, kwa msingi huo, akaisifu kazi, na akasema kwa hesabu za falaki haileti tofauti, ukiizungusha mbingu au dunia jibu ni lile lile. Kwenye kitabu chake kikubwa alichomwandikia Sultani Mas'ud, mtoto wa Mahmud, alibaki na dunia iliyotulia. Wasimulia kuwa Mas'ud alimpelekea mzigo wa tembo mzima wa fedha kwa kitabu hicho, akaurudisha. Mimi ningebakisha kidogo.

Mtu aliyeorodhesha vitabu vyake 113 akiwa na miaka sitini na kitu hahitaji kuongezewa vya uongo. Ulaya yenyewe haikumjua kama ilivyomjua al-Khwarizmi, kwa sababu hakutafsiriwa Kilatini zama zile. Mjerumani Sachau ndiye aliyekitoa kile cha kalenda kwa Kiingereza mwaka 1879 na cha India mwaka 1888.

kijana_wa_kihonda:

Mzee, Bi Mkunazini, Mungu awabariki. Leo nimechora upya kwa kinyozi, kwa mkaa, ukuta wa nje. Jamaa wa chai amekaa kimya, kisha akauliza ile pembe mraba iko wapi. Nikamwonyesha pale kileleni. Akasema sawa. Napiga picha niwawekee.

Baharia Mstaafu:

Nimeiona picha. Futa upesi kabla hajarudi. Pembe mraba haiko kileleni, iko kule chini mstari unapogusa duara, na R yaishia hapo. Kileleni ni pembe ya kawaida, nyuzi 90 kutoa zile dakika 34.

Mbishi Halisi:

Karanga zimeisha. Naenda kwa huyo kinyozi.